Mkweche wako na mkweche wa Yokohama

UPANDE WA PILI
Na Zuhura Mkumba

Mwalimu mmoja wa Kibaha ameniandikia kuhusu gari lake, IST ya mwaka 2004, namba C. Linakula oili. Asubuhi akiliwasha linatoa moshi wa buluu, majirani wanafunga madirisha. Fundi amemwambia injini imekwisha, itafutwe nyingine ya mtumba Ilala, na gharama yote pamoja na ufundi itafika shilingi milioni 2.5. Shemeji yake anasema huko ni kutupa pesa. Auze gari lilivyo, watu wapo wanaotoa milioni 5, akope kikoba, aongezee, aagize jingine Japani. "Dada Zuhura, wewe ungefanyaje?"

Ningepiga hesabu, ila si hii ya shemeji.

Shemeji anatumia kanuni inayozunguka vijiweni kote: matengenezo yakifika nusu ya bei ya gari, achana nalo. Huko Marekani na Ulaya ina maana yake. Saa moja ya fundi inaweza kupita dola 100, na gari likishafika miaka 15 halina bei ya kuzungumzia. Hapa kwetu ni kinyume. Ufundi ni nafuu, kinachouma ni spea. Tena gari chakavu linashikilia bei kwa ukaidi, kwa kuwa kila gari linaloshuka bandarini linashuka na mzigo wa kodi. Kwa hiyo kuilinganisha milioni 2.5 na bei ya kuuzia gari hakumsaidii mwalimu. Ailinganishe na gharama ya gari litakalochukua nafasi ya hili, kisha ajiulize hilo litakalokuja ni gari gani hasa.

IST ya umbo lile la kwanza, hii iliyojaa kuanzia Mbezi hadi Mbagala, ilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007. Hata akiipata iliyotoka kiwandani mwisho kabisa, amenunua gari lililolipita lake kwa miaka mitatu tu. Basi. Anabadilisha mzee anayemjua kwa mzee asiyemjua, na tofauti anakopa.

Kodi nayo. Chukua gari la injini ya sisi 1300 lenye umri wa zaidi ya miaka 10, ambalo bei yake pamoja na meli na bima hadi Dar es Salaam imekubaliwa kuwa milioni 10. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, hapo umefika milioni 12.5. Juu ya hiyo unakuja ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa ukubwa wa injini, na asilimia 30 kwa uzee. Kisha VAT asilimia 18 ya jumla yote. Ukimaliza, gari la milioni 10 limekuwa karibu milioni 20, na bado hujamlipa wakala wala hujagusa tozo ndogondogo. Lingekuwa na umri wa chini ya miaka 8, asilimia 30 ile isingekuwepo na ungeishia milioni 15 na nusu hivi, ila gari la umri huo lina bei yake nyingine huko linakotoka. Halafu usijidanganye na risiti ya bei poa: TRA ina thamani zake kwenye mfumo wake. Wakenya wao walishafunga mlango, gari lililopita miaka 8 haliingii kabisa. Sisi mlango uko wazi, ila pale mlangoni tunatozwa.

Na kwa nini Mjapani ameliuza? Sheria ya kwao inataka gari jipya likaguliwe likifika miaka 3, baada ya hapo kila miaka 2, na ukaguzi huo unaambatana na bima ya lazima na kodi ya uzito. Gari likivuka miaka 13, kodi hiyo ya uzito inapanda. Siku za ukaguzi zikikaribia, mwenye gari pale Osaka au Nagoya anakaa mezani na swali lilelile la mwalimu wa Kibaha, anaamua kwamba halimlipi kulitengeneza, na gari linapanda meli. Tunalolipokea sisi ni gari ambalo mwenyewe wa kwanza alishalikatia tamaa kwa hesabu za kwao. Sisemi ni mabaya. Mengi yametunzwa kuliko tunavyotunza sisi, barabara zao ni nzuri na servisi zao hazirukwi. Lakini hujui lilipita mikono ya nani kabla ya kufika kwenye yadi, na kilomita za kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma. La kwako unajua liligongwa lini na nani.

Kinachofanya watu wasilione hili ni namba. Mjini hapa gari husomwa herufi kabla halijatazamwa. Namba C ni mzee, namba D yumo, namba E amefika. Herufi hiyo inaonyesha gari lilisajiliwa lini hapa nchini, haionyeshi lilitengenezwa lini. IST ya 2004 iliyoingia juzi inavaa E na kuitazama kwa dharau Premio ya 2010 yenye C. Nimesikia mtu mzima, mwenye watoto chuoni, akisema anabadilisha gari kwa sababu "namba imechoka". Hilo halitibiwi na fundi.

Sasa turudi kwenye moshi wa mwalimu, maana hapa ndipo pesa zake zilipo. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Ukitoka asubuhi tu, gari linapowashwa, kisha ukakata, mshukiwa wa kwanza ni sili za valvu: oili imechuruzika usiku kucha ikaingia ndani ya silinda. Ukitoka wakati wote, na kuongezeka ukikanyaga mafuta kupanda mlima, hapo ndipo unaanza kuzihofia ringi za pistoni. Kazi hizi mbili hazilingani bei hata kidogo. Ya kwanza haihitaji injini nyingine. Njia ya kuzitenganisha ni kuchomoa plagi na kupima mgandamizo wa kila silinda kwa geji, kipimo ambacho fundi mwenye vifaa hakimtoi jasho. Nimemuuliza mwalimu kama kilifanyika. Hapana. Fundi alisikiliza, akanusa, akasema imekwisha.

Ndivyo gereji zetu nyingi zinavyofanya kazi, nami kama mwanamke nayajua mapokezi yake: "Mama, hili gari limechoka," kabla boneti haijafunguliwa. Wapo mafundi hodari mno chini ya miembe, wengine wanaijua injini ya IST kuliko vitabu vyake. Lakini kubahatisha kumekuwa desturi, na anayelipia ni mwenye gari. Inabadilishwa koili, tatizo liko palepale. Inabadilishwa pampu ya mafuta, liko palepale. Mwisho gari linaitwa bovu. Gari halikuwa na ubovu wa namna hiyo. Limenunuliwa spea mbili ambazo halikuziomba.

Na kuna tamostati. Hili nitalisema mpaka wahariri wangu wachoke. Ni kidude kidogo kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate joto lake la kazi, nyuzi 80 na kitu. Mafundi wetu wanakitoa na kukitupa, wakisema ni cha nchi za baridi, huku kwetu joto lipo. Joto la Dar ni nyuzi 32! Injini isiyo na tamostati inafanya kazi ikiwa baridi, hasa safari ndefu, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inaendelea kuongeza petroli, na vyuma vinasagika zaidi. Halafu rejeta inajazwa maji ya bomba badala ya kulanti, ndani kunaota kutu, pampu ya maji inaliwa, siku moja kwenye foleni ya Kimara mshale wa joto unapanda na gasketi inaungua. Mwenye gari anasema uzee. Ukimpa mtu huyo gari jingine akalipeleka gereji ileile, atakuwa anatafuta jingine kabla hajamaliza mkopo.

Kwa IST kuna la kushukuru. Injini zake, zile za familia ya NZ, zimefungwa pia kwenye Vitz, Raum, Probox na Corolla kadhaa, kwa hiyo spea zimejaa na kila fundi ameshazifungua. Ningekuwa mgumu zaidi kama mwalimu angekuwa na gari la injini ya D4, ambalo mafundi wengi wanalikimbia, au lenye giaboksi ya CVT iliyokwishawekewa oili isiyo yake. Injini nyingine ikinunuliwa kweli, akumbuke kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Adai risiti na nyaraka za injini hiyo, kisha abadilishe kumbukumbu TRA. Asipofanya hivyo atakutana na maswali siku ya kuuza.

Lini basi liachwe? Mimi naanzia chini. Injini hubadilishwa, giaboksi hubadilishwa, viti hushonwa. Bodi iliyooza pale inaposhikilia shokapu haina spea. Sisi wa pwani, Kigamboni, Bagamoyo, Tanga na ndugu zetu wa Unguja, chumvi inatula kimyakimya, na fundi wa kuchomelea atakufunikia kutu kwa bati na rangi nyeusi hadi siku utakapoingia shimo kwa mwendo wa 80. Lipandishwe juu, mtu aligongegonge kwa bisibisi. Likiingia ndani, mjadala umekwisha. Vivyo hivyo gari lililowahi kulala ndani ya maji ya mafuriko: nyaya zake zitaugua leo taa, kesho honi, keshokutwa mkoba wa hewa, na hakuna atakayekuambia kwa nini.

Dereva anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni yuko kwenye kundi jingine kabisa. Kwake gari kulala gereji siku mbili ni siku mbili bila kipato na hesabu inadaiwa, hivyo anaweza kuwa na haki ya kuliacha gari ambalo mwalimu wa kutoka nyumbani hadi shule angelivumilia kwa miaka. Dereva huyo huyo ndiye pia ambaye kufunga mfumo wa gesi kwenye gari la zamani kunaweza kumlipa, maana mafuta yanamla kuliko spea. Kwa anayeendesha kidogo sioni faida yake.

Lipo chaguo ambalo shemeji hakulitaja, na ndilo ninaloliona katika nyumba nyingi: kutoamua. Tangu bajeti ya 2017/18 ilipofuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuihamishia kwenye mafuta, gari linaweza kukaa uani bila kudaiwa chochote na serikali. Zamani deni la ada lilimlazimisha mtu aamue. Sasa gari linasogezwa chini ya mwembe "likisubiri pesa", betri inakufa, sili zinakauka, panya wanatafuna nyaya, na lile la milioni 5 linaishia kuuzwa kwa kilo. Kwa pesa, hili ndilo baya kuliko yote mawili.

Mwalimu wangu, jibu ndilo hili. Usiuze gari wala usinunue injini mpaka mgandamizo upimwe, na upimwe na fundi mwingine asiyekuwa na injini ya kukuuzia. Zikiwa sili, tengeneza, rudisha tamostati, weka kulanti. Zikiwa ringi na bodi ni nzima, milioni 2.5 kwa gari unalolijua bado ni nafuu kuliko mkopo wa kikoba juu ya gari usilolijua, mradi injini hiyo uisikie ikiunguruma kabla ya kulipa na upewe muda wa kuirudisha. Bodi ikiwa imeoza, muuzie mtu na umwambie imeoza. Atalitaka hivyohivyo kwa ajili ya spea. Hapo usimkabidhi ufunguo kabla hamjabadilisha jina kwenye kadi, na kabla hamjaangalia kwa namba ya gari kama kuna faini za barabarani zinazodaiwa. Jina lisipobadilishwa, baada ya mnunuzi kuondoka kila kosa atakalofanya na gari hilo litaanza kutafutwa kwa jina lako.