KIPEPEO KATIKA UWANJA WA VIFARU

Watu wengi huamini ya kuwa palipokanyagwa na buti za askari hapaoti kitu. Kambi ya Fort Indiantown Gap, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, yaikanusha imani hiyo. Sisi tuvaao sare hatuna budi kuitafakari habari yake.

Jeshi la akiba la jimbo hilo limefanya mazoezi hapo tangu miaka ya 1930. Humo ndimo lilimosalia kundi pekee la mashariki la kipepeo aitwaye idalia, mwenye mabawa ya mbele ya rangi ya chungwa na ya nyuma meusi yenye madoa meupe. Zamani alienea katika majimbo mengi ya mashariki, lakini mbuga za nyasi alimoishi zikageuka mashamba, majengo na misitu.

Amesalimikaje penye mizinga? Kiwavi wake hula majani ya vaioleti tu, mmea mdogo utambaao chini. Nyasi zisipoguswa, vichaka huota na kuusonga mmea huo. Minyororo ya vifaru hufukua udongo, na moto uzukao kwa risasi huteketeza vichaka. Ndipo vaioleti hupata jua na nafasi.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba mtutu wa bunduki ndio mlinzi. Moto uwakao wakati usiofaa huwaua viwavi, ambao hujificha chini ya majani makavu majira yote ya baridi. Kwa hiyo kambi ina wataalamu wa viumbe. Kila kiangazi hupita katika njia zilezile wakihesabu vipepeo, kisha hushauri pachomwe wapi na pasiguswe wapi. Bila hesabu hiyo, amri ingetolewa gizani.

Mwezi Agosti 2024 serikali ya Marekani ilipendekeza idalia wa mashariki aandikwe miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Ni dhahiri kwa nini: aliyebakiwa na ngome moja, akishindwa hapo, hana pa kurudi nyuma.

Uwanja wa mazoezi tumekabidhiwa na taifa kama tulivyokabidhiwa silaha. Silaha huhesabiwa na kukaguliwa kila siku. Viumbe wa uwanjani nao wastahili kuhesabiwa, maana hakuna mlinzi awezaye kulinda asichokijua.