Uwezo Usiopimwa

Ni desturi katika shule zetu kumsifu mwanafunzi mwepesi wa kuelewa kwa kusema kwamba "ana uwezo". Sifa hiyo aghalabu huwa ya kweli. Lakini uwezo ni ahadi tu, na baina ya ahadi na mavuno pana kazi ambayo watu wengi huijumlisha katika neno "bidii", kana kwamba bidii peke yake yatosha. Wanafunzi wa Mandawa, Ruangwa na Nachingwea wanayo karibu nao historia iwezayo kusahihisha dhana hiyo.

Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu kutoka Uingereza ulizuru Tanganyika kwa muda wa majuma tisa hivi, ukapendekeza zilimwe karanga katika ekari zaidi ya 3,000,000, zikiwemo za Kongwa, Urambo na Nachingwea. Fedha zikatolewa, matrekta yakaletwa, na reli ikajengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea. Wahusika hawakuwa wavivu. Walifyeka misitu mchana kutwa. Lakini huko Kongwa mvua haikutosha, na udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu hata karanga zikawa shida kung'oka. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, hasara ikiwa paundi milioni 36 hivi. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha ukoloni, na kweli kina vichekesho vyake. Hata hivyo, kilichokosekana si jitihada. Lilikosekana shamba dogo la majaribio, ambalo lingejibu maswali kabla ya shamba kubwa kulimwa, pamoja na moyo wa kubadili shauri mara jibu lilipokuwa baya. Kuendelea na njia ambayo imekwisha kushindwa si ustahimilivu bali ni ukaidi, hata kama jasho lake ni lile lile.

Wala karanga hazikuwa na kosa. Mwaka 2009 watafiti wa Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, walitoa mbegu kadhaa mpya za karanga, mojawapo ikiitwa Nachingwea 2009. Mbegu ya namna hiyo haipatikani kwa kishindo. Mimea hupandwa katika vishamba vidogo, tarehe ya kuchanua huandikwa, magonjwa huhesabiwa, mavuno hupimwa kwa mizani, na iliyo mingi hutupwa. Kusini mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Basi swali lililokosewa mwaka huu hungoja mwaka mzima kuulizwa tena. Mwenye kipaji kikubwa asiyeandika vipimo vyake hana la kuonyesha msimu unapokwisha.

Mwanafunzi anayekesha juma la mwisho kabla ya mtihani hulima kwa mtindo wa 1947. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani, aliyejifanyia majaribio ya kumbukumbu yeye mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885, alionyesha kwamba mtu husahau upesi sana mara baada ya kujifunza, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa huhifadhi zaidi kuliko yale yaliyorundikwa siku moja. Saa nne zilizogawanywa katika siku nne zina faida kuliko saa nne za usiku mmoja. Aidha, kusoma maandishi yale yale mara tano humfanya msomaji ayazoee tu. Kufunga daftari na kujaribu kujibu ndiko kunakomwonyesha asilolijua.

Hapa walimu nao wana deni. Zoezi linalorudishwa baada ya mwezi, likiwa na alama tu bila maelezo, ni jaribio ambalo matokeo yake yamepotea. Tena si haki kumhubiria nidhamu mtoto atembeaye mwendo mrefu hadi shuleni na ambaye nyumbani hana taa. Ratiba ya kujisomea saa mbili usiku haimfai. Shule inayomjali ingeacha darasa moja wazi alasiri, kabla jua halijatua, pawepo mwalimu wa zamu, na kila mwanafunzi awe na daftari la makosa: swali lililokosewa, sababu ya kukosea, na tarehe lilipojaribiwa tena. Gharama yake ni daftari moja na saa moja ya mwalimu.