Taswira, Kisa na Hadithi: Kila Neno Lina Mahali Pake

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu msomaji, juma hili tulitazame neno linalozidi kusikika katika mihadhara, katika madrasa na katika maandishi ya vijana wetu: taswira. Wengi hulitumia kwa maana ya picha tu, na wengine kwa maana ya sifa, kama vile kusema kuwa taswira ya shule fulani imechafuka. Matumizi hayo yapo, wala hatuyapingi. Lakini katika fasihi neno hili lina kazi mahususi: ni mandhari fupi iliyochorwa kwa maneno, ambayo msomaji huiona akilini kana kwamba iko mbele ya macho yake.

Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye herufi swad, wau na ra, unaobeba maana ya umbo. Kutokana na mzizi huo tumepata sura, kwa maana ya uso au umbile. Ndimo pia limo jina tukufu la Allah, Al-Musawwir, Mwenye kutia sura, lililotajwa mwishoni mwa Surat Al-Hashr. Hapa mwanafunzi asichanganyikiwe: sura ya Qur'ani huandikwa kwa herufi sin, nalo ni neno jingine kabisa. Kiswahili hakitenganishi sauti hizo mbili, basi maneno mawili ya Kiarabu yakavaa vazi moja.

Taswira si kisa. Kisa kina mwanzo, mwendo na mwisho. Katika Kiarabu mzizi wa neno kisa una maana ya kufuata nyayo, na kwa maana hiyo mama yake Nabii Musa (a.s.) alimwagiza dada yake amfuatilie mtoto alipochukuliwa na maji, kama ilivyo katika Surat Al-Qasas. Msimulizi wa kisa, basi, ni mtu afuataye nyayo za jambo lililopita. Taswira haifuati nyayo. Husimama mahali pamoja, ikatazama, ikanyamaza.

Qur'ani imejaa mandhari za namna hii, ambazo wafasiri wetu huziita mifano. Katika Surat Al-Baqara, aya ya 264, mwenye kutoa sadaka kwa kujionyesha amefananishwa na jabali lenye udongo juu yake; ikanyesha mvua kubwa, jabali likabaki tupu. Katika Surat An-Nur, aya ya 39, mwenye kiu analikimbilia sarabi jangwani akidhani ni maji, na alipofika hakukuta kitu. Mambo machache tu yametajwa, lakini aliyesikia hasahau. Mtume (s.a.w.) naye alifundisha hivyo. Katika hadithi aliyoipokea Nuuman bin Bashir (r.a.), iliyomo katika Sahihi Bukhari, tunawaona abiria wa chombo kimoja, baadhi yao juu na baadhi chini, na wa chini wanataka kutoboa sehemu yao wapate maji bila ya kuwasumbua wa juu. Wakiachwa, wote wataangamia.

Nasi tunaweza kuchora taswira katika malezi na mawaidha. Ifuatayo nimeitunga kwa ajili ya somo hili:

Jua linazama. Mzee ameketi barazani, tasbihi mkononi, simu juu ya paja lake. Kioo kinawaka, anaisogeza machoni upesi. Ni tangazo la kampuni ya simu. Anairudisha pajani, anaendelea kuhesabu tasbihi yake.

Hakuna aliyetaja wema kwa wazazi, lakini mwana aliye mbali ameshaelewa. Huo ndio ubora wa taswira: humwachia msikilizaji nafasi ya kujihukumu mwenyewe.

Hapa ndipo penye hatari. Lau ningeongeza maneno machache nikasema kwamba Mtume (s.a.w.) alimpitia mzee mmoja barazani, taswira ile ile ingegeuka kuwa uongo juu ya Mtume, na adhabu ya mwenye kumzulia makusudi inajulikana katika hadithi mutawatiri. Jambo hili si geni. Katika karne za mwanzo walikuwapo wasimulizi waliokusanya watu misikitini na kuwaliza kwa visa visivyo na isnadi. Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 1201, aliwaandikia kitabu kizima. Na As-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, akaandika kingine kutahadharisha uongo wao. Leo kazi hiyo inafanywa na simu zetu. Kisa cha bibi aliyekuwa akimtupia Mtume taka kila siku, hata alipougua Mtume akaenda kumjulia hali, kinasimuliwa kila mahali, ilhali wajuzi wa hadithi wamebainisha kuwa hakina asili katika vitabu vinavyotegemewa. Nia ya msimulizi ni njema, lakini nia njema haiwi isnadi. Upole wa Mtume (s.a.w.) umethibiti kwa mapokezi sahihi yanayotosha.

Kiswahili chenyewe kinatutaka tuwe na uangalifu zaidi. Usiku mtoto anaambiwa, "Hadithi, hadithi!" naye anaitikia, "Hadithi njoo!" Anasimuliwa ya sungura na fisi. Asubuhi yake madrasani anaambiwa asikilize hadithi ya Mtume. Neno ni lile lile. Tusipomfafanulia, atajuaje kuwa la kwanza ni la kuchekea na la pili ni la kujengea dini yake? Na siku atakapogundua kuwa sungura hakusema kitu, ataliweka wapi lile la pili?

Nawashauri wazazi, walimu na makhatibu tugawe maneno. Ya sungura na fisi tuyaite ngano. Yaliyotokea tuyaite visa. Hadithi, tunapokuwa katika mambo ya dini, tuibakishe kwa yaliyopokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.), na tumtaje aliyeipokea. Mandhari tuliyoibuni wenyewe tuiite taswira, na tuifungulie mlango wake wazi: "Hebu fikirini," au "Tuchukue mfano wa mtu." Maneno hayo machache hayapunguzi utamu wa mawaidha, bali yanamlinda msemaji na msikilizaji pia.

Wallahu a'lam.