Afya ya mfanyakazi si mali ya mwajiri



Katika kiwanda kimoja kilicho jirani nasi, wakuu wa kazi wamewaita viongozi wa tawi la chama na kuwaonyesha saa za mkononi zinazohesabu mapigo ya moyo, hatua na muda wa kulala. Wamesema kila mfanyakazi atapewa moja bila malipo, ili ugonjwa ugunduliwe mapema kabla haujamlaza mtu kitandani. Wenzetu wametuuliza: tukubali au tukatae? Jambo hili si dogo, na kesho litabisha hodi katika kila tawi. Kwa hiyo tunatoa maoni yetu hapa.

Kwanza tuseme ukweli: kifaa hiki si mchezo wa watoto. Saa hiyo humulika ngozi kwa mwanga mdogo, ikapima jinsi damu inavyopita, na hivyo kuhesabu mapigo ya moyo usiku na mchana. Baada ya siku kadhaa hufahamu mapigo ya kawaida ya mwenye kuivaa anapopumzika. Mapigo hayo yakipanda bila sababu, huenda mwili umeanza kupambana na ugonjwa ambao mwenyewe bado hajausikia. Profesa Michael Snyder wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliona mabadiliko ya namna hiyo katika vipimo vyake mwenyewe akiwa safarini kwenda Norway. Baadaye ikathibitishwa kwamba alikuwa na ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na kupe. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2017. Mwaka 2020 yeye na wenzake walichunguza vipimo vya watu 32 waliopata korona, na 26 kati yao walionyesha mabadiliko katika mapigo ya moyo, hatua au usingizi.

Mfanyakazi anayelala na wenzake wanane chumba kimoja anajua faida ya kugundua ugonjwa mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Hatuna ugomvi na saa.

Lakini saa haisemi ni ugonjwa gani. Malaria hupandisha mapigo ya moyo, mafua pia, pombe pia, na hata kukosa usingizi kwa sababu ya zamu mbili mfululizo. Ili kujua ni kipi, lazima pawepo zahanati, kipimo cha damu, mganga na dawa. Kiwanda kinachogawa saa mia mbili huku zahanati yake haina hata vipimo vya malaria kinatutania.

Tena kuna suala la ngozi yetu. Mwaka 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni katika damu, ambacho nacho hutumia mwanga, kilishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi takribani mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kama kosa hilo limetokea ndani ya hospitali, tunayo haki ya kuuliza saa hizi zimejaribiwa kwa ngozi ya nani.

Swali kubwa zaidi ni hili: nani atasoma vipimo? Tazameni yaliyowapata walimu wa jimbo la West Virginia, Marekani. Waliletewa mpango wa bima uliotaka wahesabiwe mwendo wao kwa vifaa na programu ya simu, na asiyeshiriki alipe dola 25 zaidi kila mwezi. Mpango huo uliongeza hasira iliyokuwa imeshawashwa na mishahara duni na gharama za bima. Serikali ya jimbo ilirudi nyuma katika jambo la mpango huo, lakini walimu hawakuridhika. Tarehe 22 Februari 2018 waligoma katika wilaya zote 55 za jimbo, na wakarudi kazini baada ya kupata nyongeza ya asilimia 5. Kilichoanza kwa jina la afya kilikuwa kimegeuka kuwa faini.

Njia nyingine ipo. Wachezaji wa mpira wa kikapu wa NBA waliingiza suala hili katika mkataba wao wa pamoja wa mwaka 2017: kuvaa kifaa ni hiari, vipimo haviruhusiwi kutumika katika kujadili mkataba wa mchezaji, na timu inayovunja sharti hilo inaweza kutozwa hadi dola 250,000. Wale ni matajiri, ndiyo. Lakini hawakulindwa na utajiri wao, walilindwa na chama chao.

Na tuwakumbuke ndugu zetu kutoka Uganda na Kenya wanaofanya kazi juani katika nchi za Ghuba. Huko Qatar, watafiti waliwapima wafanyakazi wakiwa kazini ili kujua joto linavyowadhuru. Mwaka 2021 ikatoka amri inayokataza kazi za nje kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, tangu tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Kipimo kilisaidia kwa sababu kilibadilisha saa za kazi. Kipimo kinachomwambia mtu kwamba anaungua, kisha kumwacha palepale, hakina maana.

Kwa hiyo jibu letu kwa wenzetu ni hili: msikatae, wala msipokee hivi hivi. Wekeni masharti kwa maandishi. Kuvaa kuwe hiari, na asiyevaa asipunguziwe chochote. Vipimo viende kwa mfanyakazi na mganga, visiende kwa meneja wala msimamizi wa zamu. Visitumike kupima uvivu, kuhesabu safari za chooni wala kuchagua wa kupunguzwa kazini. Mwenye dalili apimwe bila malipo, kwa muda wa kazi, bila kukatwa mshahara. Hilo la mwisho si ndoto yetu: limo katika Mkataba namba 161 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1985. Na hapa Uganda sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu imeziweka habari za afya ya mtu katika fungu la pekee. Isomeni sheria hiyo katika mikutano ya matawi.

Wapo wanaosema mwajiri mwenye nia njema hahitaji masharti. Sisi tunasema mwenye nia njema hatayaogopa. Ikiwa saa hiyo inaletwa kwa ajili ya afya yetu, atatia sahihi siku hiyo hiyo. Akikataa, mtakuwa mmekwisha kujua ililetwa kwa ajili ya nini.

Umoja wetu ndio kinga yetu.