Mhudumu wa Dharura Naye Ale

Tangu Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipofungua Idara ya Tiba ya Dharura mwaka 2010, vitengo vya namna hiyo vimejengwa katika hospitali nyingi nchini. Ni hatua ya kujivunia. Majeruhi wa barabarani na mama anayevuja damu hupokewa na watu waliosomea kazi hiyo, usiku na mchana.

Lakini watu hao wanakula nini? Kantini nyingi hufungwa jioni. Kinachobaki ni chipsi za nje ya lango, maandazi, sambusa, chai yenye sukari tele na soda. Chupa ya kola ya mililita 350 ina takriban gramu 35 za sukari, na Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku, tena ingefaa iwe chini ya 25. Muuguzi anayemwonya mgonjwa wa kisukari saa nne usiku, ifikapo saa nane anakunywa soda ya pili ili macho yasifumbe.

Mwili nao una saa yake. Sahani ile ile ya wali huacha sukari nyingi zaidi katika damu ikiliwa usiku wa manane kuliko ikiliwa asubuhi. Ndiyo maana wafanyakazi wa zamu za usiku wa miaka mingi huandamwa zaidi na unene na kisukari. Wataalamu hushauri mlo mkuu uliwe kabla ya zamu, na usiku kiliwe chakula chepesi.

Wapo watakaosema kwamba hawa ni wasomi wa afya, hivyo wajichagulie. Hoja hiyo hatuikubali. Mwalimu yeyote anajua kuwa mtoto mwenye njaa hafundishiki hata akihubiriwa lishe kutwa nzima. Sheria ya kuanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe ilitungwa mwaka 1973, na mwaka 1975 Taifa zima liliitwa katika kampeni ya Chakula ni Uhai. Elimu haikukosekana. Kinachokosekana ni chungu jikoni baada ya jua kuzama. Posho ya zamu, hata ikilipwa kwa wakati, hainunui mchicha saa nane za usiku mahali ambapo mchicha hauuzwi.

Kwa hiyo tunazitaka bodi za hospitali zipange mambo mawili. Kwanza, chakula cha zamu: maharage, dagaa, mboga za majani, tunda na maji safi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoagizwa ng'ambo. Pili, na hili ndilo gumu zaidi, muda wa kula wenye mtu wa kushika nafasi. Nusu saa iliyoandikwa kwenye ratiba bila mwenzake wa kumpokea haimsaidii muuguzi aliye peke yake na wagonjwa sita. Huyu ndiye anayekokotoa kipimo cha dawa ya mtoto mchanga, naye hajatia kitu tumboni tangu magharibi.

Mganga mfawidhi anaweza kuanza usiku wa leo, kwa kwenda kitengoni saa nane bila taarifa na kuangalia kuna nini mezani.