Kumtuliza mgonjwa si kumwacha afe

Juma hili tunataka kuongea wazi juu ya huduma moja ambayo wengi wetu tunaiogopa kwa sababu ya maneno ya mtaani: huduma ya kumtuliza mgonjwa mwenye ugonjwa mzito. Hospitalini waganga wanaiita kwa Kifaransa « soins palliatifs ». Majirani zetu wa Tanzania na Kenya wanaiita tiba shufaa. Kazi yake ni kupunguza maumivu, kutapika, kukosa pumzi, woga na huzuni, na kuwasaidia jamaa wanaomtunza mgonjwa.

Tunaongea juu yake kwa sababu mzigo huu uko kichwani mwetu. Mgonjwa akirudishwa nyumbani, ni mama, binti ao mkwe ndiye anayemgeuza kitandani, anayefua mashuka, anayesikia kilio chake saa nane za usiku. OMS inahesabu kwamba kila mwaka watu zaidi ya milioni 56 duniani wanahitaji huduma hii, na katika 100 wanaoihitaji ni 14 tu wanaoipata. Wengi wa wanaoikosa wako katika nchi kama yetu. Sababu moja ni ukosefu wa dawa na waganga. Sababu nyingine ni mawazo yasiyo ya kweli, na hiyo tunaweza kuiondoa sisi wenyewe.

« Wakikuandikia hiyo, umekwisha »

Watu wengi wanafikiri huduma hii inaanza siku waganga wanapoacha kutibu. Si hivyo. Inaweza kuanza siku ugonjwa mzito unapojulikana, ikaenda pamoja na matibabu mengine. Mama mwenye kansere anaweza kupasuliwa, na wakati uleule akatulizwa maumivu. Mgonjwa wa sida anaendelea kumeza dawa zake. Mtoto mwenye SS, ambaye mifupa inamuuma siku za krizi mpaka analia usiku kucha, anaweza kuwa na miaka mingi mbele yake. Naye pia anahitaji kutulizwa.

Mwaka 2010, waganga wa Boston, Marekani, walitangaza uchunguzi wao juu ya wagonjwa 151 wa kansere ya mapafu iliyokwisha kuenea. Wote walitibiwa, lakini kundi moja liliongezewa huduma ya kutuliza tangu mwanzo. Kundi hilo halikuzama katika huzuni kama lile lingine, na liliishi kwa kadiri ya miezi 11,6, wakati lingine liliishi 8,9. Kwa hiyo anayesema kwamba kumtuliza mgonjwa ni kumharakisha, hasemi kweli.

« Morfini inaua »

Neno hili linawaumiza wagonjwa kuliko mengine yote, na tunajua linatoka wapi. Mara nyingi morfini inatolewa kwa kuchelewa, siku mbili tatu kabla ya kifo. Jamaa wanaona sindano, kesho wanaona maiti, wanaunganisha. Lakini ni ugonjwa ndio uliomuua. Dawa ilimkuta amefika mwisho wa njia.

Morfini imo katika orodha ya OMS ya dawa za lazima tangu orodha ya kwanza, ile ya mwaka 1977. Iko ya kunywa, na mgonjwa anaweza kuitumia nyumbani. Muganga anaanza na kipimo kidogo, anaongeza polepole mpaka maumivu yatulie. Ile ya maji nguvu yake inadumu saa nne hivi, kwa hiyo inanywewa kwa kufuata saa, hata kama mgonjwa halii. Ukingoja alie, maumivu yamekwisha kupanda, na kuyashusha ni kazi ngumu zaidi.

Siku za kwanza mgonjwa anaweza kusinzia ao kusikia kichefuchefu. Kwa kawaida hayo yanapita. Lisilopita ni kufunga choo. Kwa hiyo omba dawa ya kulainisha choo siku ileile unapopewa morfini. Na kama mgonjwa anasinzia mpaka haamki unapomwita, ao anapumua polepole kuliko desturi, usimpe kipimo kinachofuata. Mwite muuguzi mara moja.

Wengine wanaogopa kwamba mgonjwa atakuwa mlevi wa dawa. Ni kweli kwamba mwili unaizoea, na ndiyo sababu haikatwi kwa ghafula. Lakini mgonjwa anayekunywa kipimo cha muganga ili aweze kulala si sawa na kijana anayenunua tramadol barabarani ili alewe. Dawa za maumivu zinaandikwa na muganga. Msizinunue barabarani, na msizigawe kwa jirani.

Jirani zetu wa Uganda walikwisha kuvuka woga huu. Mwaka 1993, muganga Anne Merriman alianzisha huko Kampala shirika la Hospice Africa Uganda, na tangu hapo wagonjwa wanakunywa morfini ya maji nyumbani mwao. Mwaka 2004 serikali iliruhusu hata wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuiandika, kwa sababu vijijini waganga ni wachache. Kumbe inawezekana katika nchi yenye vijiji na barabara kama zetu.

Kwetu, vituo vingi vya afya havina dawa hiyo, na hatutawadanganya. Mwaka 2017, wataalamu wa gazeti la waganga The Lancet walionyesha kwamba katika tani 298,5 za dawa za aina ya morfini zinazogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zinapata kilo 100 tu. Lakini hospitali kuu ya zoni inaweza kuwa nayo ao kuwa na nyingine inayofuata kwa nguvu. Asiyeuliza hataambiwa.

« Vumilia, ndiyo msalaba wako »

Tunasali na wagonjwa wetu, na tutaendelea. Lakini hakuna anayekataa kumpa maji mwenye kiu kwa kusema avumilie. Wanawake tumefundishwa tangu ujana kwamba kulia ni aibu, hata wakati wa kuzaa. Ndiyo sababu mama wengi wenye kansere ya mlango wa kizazi wanasema « niko vizuri » huku wanauma kikwembe kwa meno.

Usimuulize tu kama anaumwa. Mwonyeshe mkono wako: ngumi ni hakuna maumivu, kidole kimoja ni kidogo, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Muulize leo ni vidole vingapi, asubuhi na jioni, na uandike katika kaye. Watoto wengi wanaelewa njia hii pia. Ukifika kwa muuguzi na hesabu hiyo, atakusikiliza vingine kuliko ukisema tu « anasumbuka ».

« Akijua ukweli atakufa upesi »

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapoharibika. Jamaa wote wanajua, mgonjwa peke yake ndiye asiyejua, ao anajua na kujifanya hajui ili asiwahuzunishe. Wakati huo parsele inauzwa, pesa za shule zinakwenda kwa dawa za kila mtu anayejiita mponyaji, na hakuna aliyemwuliza mwenye ugonjwa anataka nini. Akiisha kufa, hakuna anayejua nani anamdai, karatasi za nyumba ziko wapi, watoto wadogo wanabaki na nani. Mjane anasimama mbele ya wakwe bila neno hata moja la marehemu la kumsaidia.

Ukweli hausemwi kama jiwe linalotupwa. Anza kwa kuuliza: « Mama, wewe mwenyewe unafikiri nini juu ya ugonjwa wako? Kuna jambo ungependa kulijua? » Ukimsikiliza, utajua kiasi anachotaka. Asiyetaka kujua leo asilazimishwe. Lakini anayeuliza ajibiwe, na yeye achague nani awepo: muganga, mchungaji, dada yake mkubwa.

« Asipokula, njaa itamuua »

Mwili unaokaribia mwisho hauombi chakula kama zamani. Kumshindilia mgonjwa bugali ao uji kwa nguvu kunaweza kumfanya apaliwe, na kunageuza kila saa ya chakula kuwa ugomvi. Mpe kidogo, kile anachotamani, akiwa ameketi ao ameinuliwa. Kijiko viwili vya mchuzi vilivyopokewa vizuri vinatosha. Akikataa, lowesha midomo yake kwa kitambaa safi chenye maji. Huko pia ni kumlisha.

Lakini tusichanganye mambo. Mgonjwa ambaye bado ana nguvu na ameacha kula ghafula anaweza kuwa na vidonda mdomoni, kichefuchefu ao choo kilichofunga. Hayo yanatibika, mpeleke akaangaliwe.

« Ni mambo ya hospitali, tena ya wenye pesa »

Sehemu kubwa ya huduma hii inafanyika chumbani, kwa mikono yetu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza, mgeuze kila saa mbili, ukiangalia makalio, nyonga na visigino kama ngozi imekuwa nyekundu ao nyeusi. Matela iwe kavu siku zote. Kinywa kisafishwe asubuhi na jioni. Kidonda kinachonuka, kama kile cha kansere ya ziwa, kinaoshwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Na mwombe muuguzi juu ya metronidazole ya kusaga na kunyunyiza juu yake, kwa maana inapunguza harufu. Mgonjwa asiyenuka anatembelewa, na anayetembelewa hajioni kama ametupwa.

Na yule anayemtunza je? Mara nyingi ni binti wa miaka kumi na mitano aliyeacha masomo, ao mama mwenye mtoto mgongoni na mgonjwa kitandani. Hasemi kwamba amechoka, kwa sababu ataambiwa hana upendo.

Hapo ndipo vikundi vyetu vinaweza kufanya kitu. Tunajua kupanga zamu za likelemba bila kukosea hata siku moja. Tupange vilevile zamu ya mgonjwa: leo mmoja anachota mabidoni mawili ya maji, kesho mwingine anafua, keshokutwa mwingine anakaa naye saa mbili ili mtunzaji alale ao aende sokoni. Sanduku la msaada linalotoa pesa ya sanduku la maiti linaweza pia kutoa pesa ya taksi-moto kwenda kutafuta dawa wakati mtu angali hai.

Juma hili, kila kikundi kichague mama wawili. Waende kwa titilere wa kituo cha afya, ao wamtume reko wa avenyu, na kuuliza maswali manne: Hapa kuna dawa gani za maumivu makali? Kama hakuna morfini, inapatikana hospitali gani, na karatasi gani inahitajika? Nani anaweza kumfikia mgonjwa asiyeweza kutembea? Tunaweza kufundishwa kuosha vidonda? Majibu yaandikwe na kusomwa mbele ya wote kwenye mkutano. Kama jibu ni « hapana » kwa yote manne, hilo nalo liandikwe na kupelekwa kwa muganga mkubwa wa zoni, kwa jina la kikundi, si kwa jina la mama mmoja.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi, dunia inakumbuka huduma hii. Sisi tusingoje mwezi wa kumi. Katika avenyu yako kuna nyumba ambayo pazia lake halifunguliwi tena. Unaijua. Piga hodi, ingia, uliza ni vidole vingapi.