Rudisheni Laini za Watu

Wenye maduka wenzangu, leo nasema na nyinyi kwanza. Rudisheni laini za watu.

Bamba Chakula ilipoanza hapa Kakuma mwaka 2015, tuliambiwa kila familia itapokea pesa ya chakula kwenye laini ya simu, ijichagulie duka. Faida yake kuliko foleni ya mgawo ilikuwa hiyo: kuchagua. Sasa chungulieni chini ya meza za sokoni. Laini zimefungwa pamoja kwa mpira, namba za siri ziko kwenye daftari la mwenye duka. Pesa ikiingia, anaiona yeye kabla ya mwenye watoto.

Eti bila dhamana watatoroka. Watatorokea wapi? Hata kutoka kambini ni mpaka kibali. Mimi nauza ndengu, nyanya na mafuta ya kupima, na nakopesha. Wapo wanaochelewa, na mmoja alihama bila kulipa. Hasara ya namna hiyo iko kwenye kila biashara. Na sisi tunapokopa unga kwa wenye jumla, tunaacha vitambulisho vyetu kwao? Wanatuamini kwa sababu tutarudi. Mama naye atarudi, maana kesho atataka unga tena.

Kukopesha ni wema, sikatai. Mgawo ukipunguzwa, ni duka la jirani linalowahi kulisha watu. Lakini ukishika laini ya mama, hawezi kuuliza bei. Gorogoro ikiwa imebonyea chini, atanyamaza. Duka la pili hawezi kwenda. Huyo ni mteja gani?

Na nyinyi wa mashirika, msicheke. Utafiti wa IFC wa mwaka 2018 ulihesabu biashara zaidi ya 2,000 hapa, tukaitwa wajasiriamali. Sawa, asanteni. Lakini semina za hesabu hazisaidii kama pesa inachelewa na hakuna anayetuambia siku. Madeni yanazaliwa siku hizo za kungoja. Tangazeni tarehe mapema. Mkija kukagua, kagueni vipimo pia, sio karatasi tu.

Sisi tuanze na matatu. Bei iandikwe ubaoni. Deni liandikwe kwenye daftari mbili, moja akae nalo mteja. Laini ilale kwa mwenyewe. Kwangu ubao umeshatundikwa. Njooni msome bei, halafu mkatundike wa kwenu.